Kosa la draiva

Video ya kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, ilikuwa imefika asilimia 91.

Hiyo 91 naikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuosha vikombe. Saa tano na kitu usiku, Jumatano, akili yangu yote ilikuwa ya mtu aliyemaliza kazi: faili likitoka naliweka kwenye fleshi, asubuhi boda analipeleka Kyaliwajjala, nje kidogo ya Kampala, Ssenga (shangazi wa bibi harusi) ananitumia salio kwa simu na mimi hapo hapo namtumia mwenye nyumba. Mara nikasikia feni za kadi ya picha zinapanda, vuuuu, kama zinataka kung'oka, halafu kimya. Nikageuka na povu mikononi. Skrini nyeusi tii.

Moja. Mbili. Tatu.

Ikarudi. Ile picha ya Ziwa Bunyonyi niliyoweka kwenye desktopu ipo, kila kitu kipo mahali pake, na katikati kuna kadirisha kadogo kenye adabu zote kanasema draiva ya grafiksi ilichelewa kujibu, kwa hiyo imeanzishwa upya, je ungependa kutuma ripoti? (Draiva ndo programu inayoiendesha hiyo kadi.)

DaVinci Resolve, programu yangu ya kuhariri video, haipo. Saa tatu za kurenda, yaani kuitoa video nzima kuwa faili moja, zimegeuka faili lisilofunguka.

Ilikuwa mara ya sita ndani ya wiki mbili, na siku hiyo peke yake Ssenga alikuwa amenipigia mara mbili kuuliza kama tulimchukua vizuri pale alipokuwa anamtafuta bwana harusi kati ya wale vijana wa kanzu. Nikamwambia ndiyo Ssenga, umetoka vizuri sana, kesho utajiona.

Kompyuta ilishapona, tusiwekane roho juu. Ila imepita kama mwezi na nusu na bado nikilala najikuta nairudia hii hadithi, kwa sababu jibu lilikuwa hatua moja kutoka kwenye goti langu muda wote ule, chini ya meza, na mimi nilikuwa juu ya meza napigana na draiva.

## Ibada

Waliojijengea kompyuta wenyewe wanajua kinachofuata. Unadaunilodi draiva upya. Unazima intaneti ili Windows isije ikawahi kukuwekea ya kwake. Unaingia sefu modi, unawasha DDU, programu ya kufuta draiva, inafagia mabaki yote ya draiva ya zamani, unarestati, unaweka mpya, unarestati tena, halafu unakaa unaiangalia skrini kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

Nilifanya hivyo mara nne. Faili lenyewe ni zaidi ya nusu gigabaiti na mimi intaneti yangu ni bando, kwa hiyo mara ya tatu nilikuwa nadaunilodi saa nane usiku nikiwa nimejifunika shuka. Nikajaribu toleo jipya. Nikajaribu la mwaka juzi. Kadi yangu ni ya ukoo wa Polaris, wale ambao AMD, watengenezaji wake, waliwatenga mwishoni mwa 2023 wakawa na kifurushi chao cha pembeni, basi nikajaribu na hicho kifurushi, halafu nikajaribu draiva tupu bila ile programu yake yenye michoro.

Na kila mara ilifanya kazi!

Hapa ndo penye mtego. Kila nikimaliza hiyo ibada napata siku mbili, wakati mwingine tatu, za amani kabisa. Narenda, nacheza gemu kidogo, naenda kulala. Halafu siku ya nne, vuuuu, kimya, kadirisha kenye adabu. Kitu kingeharibika moja kwa moja ningetafuta mahali pengine siku ya kwanza, ila kitu kinachopona kwa siku tatu kinakufundisha kwamba dawa yako ni dawa, imepungua dozi tu.

Nikaanza kuwa na miiko. Usifungue WhatsApp kwenye brauza wakati wa kurenda. Chomoa skrini ya pili. Usichaji simu kwenye kompyuta. Kuna wiki nilikuwa narenda dirisha likiwa wazi na feni ya mezani imeelekezwa kwenye keisi, mimi nimekaa kitandani sisogei, kama vile nikisogea inaniona. Joto lenyewe nilikuwa naliangalia, halikuwahi kupita nyuzi 78, na 78 kwa hiyo kadi si homa. Umeme nao niliushuku, maana mtaani kwetu taa huwa zinakonyeza jioni, nikaazima yupiesi, ile betri ya kushikilia umeme, ya jirani wa juu, nikairudisha baada ya wiki. Hamna.

## Sekunde mbili

Ndo nikaamua kusoma badala ya kusafisha. Kwenye Event Viewer, pale Windows inapoandika matukio yake, kila ajali ilikuwa imeandikwa, saa na dakika, namba 4101: draiva ya skrini iliacha kujibu na imerudishwa salama. Mistari inafuatana kama daftari la mgambo getini.

Kumbe nyuma ya hiyo sentensi kuna utaratibu mmoja ulioingia na Windows Vista. Windows inaipa kadi kazi halafu inahesabu. Sekunde mbili zikipita kadi haijamaliza wala haikubali kuachia hiyo kazi, Windows inasema huyu amekufa, inamwaga kila kitu, inaianzisha draiva upya. Hizo sekunde unaweza kuziongeza kwenye rejistri, kuna kitu kinaitwa TdrDelay. Nikaweka 60. Nilijiona mjanja sana, nikasema kama shida ni kuchelewa basi nimempa muda, aje taratibu.

Iliyofuata, badala ya giza la sekunde tatu, kompyuta iliganda dakika nzima. Sauti ya yule mwogezi, msemaji wa upande wa bwana harusi, imekwama kwenye neno moja, "bassebo-bo-bo-bo-bo", kipanya hakisogei, dakika nzima, halafu giza.

Kwa hiyo hakuwa anachelewa. Hakuwa anakuja kabisa.

Nilipaswa kusimama hapo, kwa sababu ukiusoma vizuri ule ujumbe haumtaji aliyeharibu, unamtaja aliyeonekana mara ya mwisho. Windows haiioni kadi, inaongea na draiva tu. Draiva ndo anayekaa kaunta. Kadi ikianguka huko nyuma, mwenye kaunta anaonekana amenyamaza, na jina lake ndo linaandikwa kwenye daftari. Niliyasoma haya yote nikayaelewa, nikafunga hiyo kurasa, nikaenda kudaunilodi draiva nyingine.

Si mzaha. Hiyo ilikuwa mara ya nne.

## Kaprogramu ka kwenye fleshi

Kuna kitu sijasema. Kadi niliinunua mitumba, ghorofa ya tatu kwenye arkedi moja mjini, laki nne na nusu, na siku ile muuzaji alinipa na fleshi. Ndani ya fleshi kuna kaprogramu kadogo. Akaniambia, bro, kila ukiweka draiva, washa haka kwanza, halafu restati, bila hivyo inakataa.

Na mimi nikasema sawa.

Mtu akuuzie gari akwambie kila asubuhi lisukume mita kumi halafu litawaka, wewe useme sawa, unaondoka unapiga mluzi. Ndo mimi.

Baada ya lile bassebo-bo-bo nikakakumbuka kale kaprogramu. Nikaweka GPU-Z, programu inayoonyesha undani wa kadi, nikaiangalia kadi kwa mara ya kwanza kama mtu anayeangalia logbuku. Kwanza, RX 580 tunayoijua, ile iliyotoka 2017, ina viini vya kukokotoa 2304. Yangu 2048. Kumbe kuna RX 580 iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la China ambayo ndani kwa hesabu ya viini ni RX 570 tu. Pili, bayosi yake, ile programu ya ndani ya kadi yenyewe, ilikuwa imechezewa, ratiba za memori si za kiwandani. Hapo picha ikawa wazi: hii ni kadi ya mgodini. Miaka ile watu walikuwa wanachimba Ethereum, sarafu ya kidijitali, kwa kadi kama hizi usiku na mchana, wanabadilisha bayosi ili memori ikimbie zaidi na chipu itumie umeme kidogo, halafu Septemba 15, 2022 Ethereum ikahamia mfumo mwingine usiohitaji kuchimba, na kadi nyingi zikabaki bila kazi siku moja. Zikaingia kwenye makontena, na moja ikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Draiva ya AMD ikikuta bayosi iliyochezewa inakataa kuwaka, na kazi ya kale kaprogramu ilikuwa ni kuidanganya isikague.

Nilikasirika. Pembeni mwa kadi kuna kaswichi kadogo kama punje ya mchele, kadi nyingine huwa na bayosi mbili na hiyo swichi inachagua. Nikazima, nikafungua keisi, nikachomoa plagi ya umeme, nikachomoa kadi, nikasukuma swichi kwa ncha ya kalamu, nikarudisha kila kitu. Bayosi ya pili ilikuwa bikira. Draiva ikakubali bila kudanganywa.

Siku tisa bila ajali. Siku tisa!

Ssenga akapata video yake. Mimi nikaandika status ya WhatsApp ndefu, sikutaja duka lakini kila mtu anayenunua vitu vya kompyuta hapa mjini alijua ni nani, nikamwita mwizi, nikasema vijana msiuziwe mbuzi kwenye gunia. Watu 140 waliiona. Wengine wakanijibu na za kwao. Nilijisikia vizuri kuliko siku video ilipotoka.

Siku ya kumi, saa tisa mchana, harusi ya watu wa Mbale, asilimia 64. Vuuuu.

## Salgaa

Mzee wangu alikuwa dereva wa trela, Mombasa–Kampala, miaka ishirini na zaidi. Ndo maana sisi tumekulia Malaba na ndo maana nyumbani tunaongea Kiswahili hadi leo, hata tukigombana. Jioni hiyo alinipigia kwa mambo yake ya mahindi, akasikia sauti yangu haiko, akauliza kuna nini, nikajaribu kumweleza. Sasa mweleze mtu wa miaka 71 mambo ya draiva. Nikasema, Mzee, kuna kama dereva ndani ya kompyuta, yeye ndo anaiendesha ile sehemu ya picha, sasa kila mara anasinzia njiani.

Akanyamaza.

"Nani kasema amesinzia?"

Nikasema kompyuta yenyewe ndo imeandika.

"Na gari mmelikagua?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Halafu akanihadithia kitu ambacho mimi nilikijua kwa juu juu tu, kwamba zamani aliwahi kupata ajali. Mwaka 2006, anatoka Kampala na kahawa anashuka kwenda Mombasa, na mnaijua ile njia, kutoka Mau Summit mpaka Salgaa ni mteremko mrefu, ukiwa na mzigo breki ndo maisha yako. Zikagoma. Hakuwa kwenye gia huru kama wanavyofanya wengine kuokoa mafuta, alikuwa kwenye gia nzito, anapampu, hamna kitu. Akalisukumia gari kwenye ukingo wa udongo upande wa kushoto, likalala ubavu, magunia yakamwagika, yeye na tanboi wake wakatoka kupitia kioo. Hakufa mtu.

Tajiri wa gari alileta karatasi ya kujaza. Kuna mahali pameandikwa chanzo. Kilichoandikwa ni kosa la dereva.

"Lainingi za breki nilikuwa nimeziripoti mara mbili," akasema. "Mara mbili, na kwa maandishi. Sasa sikiza, kijana wangu. Wangeandika lainingi, nani angelipa? Wao. Wakiandika dereva, hakuna wa kulipa. Dereva ni wa bure. Unamtoa huyu, unamweka mwingine, siku hiyo hiyo."

Miezi miwili hakulipwa. Nilikuwa darasa la tano, nakumbuka tulikula uji sana mwaka ule, nikajua ni mambo ya ukame.

Akarudi kwenye mahindi yake kama vile hakusema kitu. Mimi mahindi sikuyasikia tena.

## Waya wa njano

Kesho yake nikaifunga kompyuta kwenye blanketi, nikapanda boda, mimi nyuma, kompyuta katikati kama mtoto, mpaka Katwe. Kuna fundi wa amplifaya pale, Mkongomani wa Bukavu, kompyuta hazijui na hadai kuzijua, lakini umeme anaujua. Nilimwambia sitaki uguse programu yoyote, nataka unipimie umeme unaofika kwenye hii kadi.

Akaunga kebo ya HDMI kwenye televisheni ya kibandani kwake. Faili lililokuwepo la kurenda lilikuwa lile la kwanjula, kwa hiyo ghafla Ssenga akatokea kwenye televisheni ya Katwe na vazi lake la gomesi la rangi ya zabibu, anapita mbele ya vijana anawakagua mmoja mmoja. Watu wakaanza kusimama. Muuza rolex, zile chapati za mayai, wa jirani akaacha moto wake akaja kutazama.

Fundi yeye yuko chini amechuchumaa. Kadi yangu inataka plagi ya pini nane, na pawa sapulai yangu haikuwa nayo, kwa hiyo nilikuwa natumia adapta, ile yenye vichwa viwili vya Molex vya kizamani vinavyoungana kuwa pini nane. Akaingiza ncha nyeusi ya multimita kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye waya wa njano, kwa nyuma, bila kuchomoa.

Kompyuta imetulia: 11.97.

Nikabonyeza renda. 11.70. 11.52. Ikasimama 11.43. Kiwango cha ATX, cha pawa sapulai za kompyuta, kinaruhusu volti 12 ishuke mpaka 11.40, yaani ilikuwa imesimama mlangoni. Nikasema basi, ni sapulai. Fundi akatikisa kichwa, akaihamisha ile ncha upande wa pili wa adapta, upande wa kadi.

10.88.

Hatukuongea. Namba ikawa inashuka polepole, 10.85, 10.81, na pale juu Ssenga ndo anakaribia kumfikia bwana harusi, mkono ameshaunyoosha, na televisheni ikawa nyeusi. Watu wote pale wakasema "aaaah!" kwa pamoja.

"Grand," fundi akaniambia, "kuran haifike huku yote. Inabakia mu njia." Kuran kwake ni umeme.

Akazima, akavuta adapta. Haikutoka, ilikuwa imeshikana. Alipoivuta kwa koleo ikatoka na harufu, ile harufu ya plastiki iliyoiva, na kichwa kimoja ambacho kilikuwa cheupe kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa kuzunguka tundu la waya wa njano. Tundu lenyewe limetanuka. Pini inacheza ndani kama jino la mtoto wa miaka sita.

Nikaelewa yote kwa mpigo, na ni hapo nilipohisi vibaya. Kadi yangu kwa makaratasi ni wati 150, nusu yake, 75, ndo upeo inaoweza kuvuta kwenye sloti ya bodi, nyingine inapita kwenye hiyo plagi. Vile vichwa viwili vya adapta nilikuwa nimevichomeka kwenye mkia mmoja, waya ule ule wa njano unabeba vyote. Mguso ukilegea unapata joto, ukipata joto unalegea zaidi, baada ya saa mbili tatu za kurenda volti inaanguka, chipu inapotea katikati ya kazi, Windows inahesabu moja, mbili, na jina la draiva linaandikwa daftarini.

Na zile siku tatu za amani? Kila nilipofanya ibada ya DDU nilikuwa pia nafungua keisi, nachomoa kadi, napuliza vumbi, narudisha plagi kwa nguvu. Draiva mpya haikuwa na kazi yoyote pale. Nilikuwa naponya kwa mkono bila kujua, halafu sifa naipa programu.

Hata ile swichi. Kuisukuma nilichomoa plagi nikairudisha. Zile siku tisa sijui kwa kweli ngapi ni za bayosi na ngapi ni za plagi kukaa vizuri, na hapa ndo huwa naamka usiku, kwa sababu nilimwita mtu mwizi kwa ushahidi huo.

Fundi alitaka elfu ishirini.

## Hesabu

Nikiwa narudi kwenye boda nikapiga hesabu ya hiyo kompyuta, kifaa kimoja kimoja. Prosesa niliichagua mimi, nilishinda wiki nzima nalinganisha. Ramu mimi. Bodi mimi. Kadi mimi, niliomba bei ishuke mpaka muuzaji akachoka. Pawa sapulai niliichukua ile iliyokuja ndani ya keisi, imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa na ukiinyanyua ni nyepesi kama mkebe mtupu wa blue bandi, kwa sababu nzuri ilikuwa laki mbili na themanini na mimi nilitaka ile hela iongezee kadi. Adapta ilikuwa elfu nane.

Kitu pekee kwenye ile mashine ambacho sikukichagua na sikukilipia ni draiva.

Kwa hiyo ndo nikamshika huyo. Wiki tano. Siku niliyochoka naye nikamhamia muuzaji, naye pia hakuwa mimi.

Nilimfuata. Ghorofa ya tatu, lifti imekufa kama kawaida. Nikamwambia nimefuta ile status na nimekuja kusema. Hakuniangalia, alikuwa anapaka pasta ya kupitisha joto kwenye prosesa ya mtu, anaisambaza kwa kadi ya simu iliyoisha. Halafu akasema taratibu, "Siku ile nilikuuliza una pawa gani. Ukaniambia iko sawa."

Aliniuliza kweli. Nilipoambiwa ndo nikakumbuka, na nikakumbuka hata nilivyojibu haraka, kama mtu anayeulizwa amekula.

Sasa, naye hakuwa malaika. Kadi ya mgodini na kaprogramu ka kudanganya bila kusema neno, na 2048 inauzwa kwa jina la 2304, nikamwambia na hilo pia. Akasema yeye zinakuja kwenye boksi, hajui ndani kuna viini vingapi. Labda ni kweli. Nilinunua kwake pawa sapulai nzuri, nzito, yenye kebo yake ya pini nane bila adapta, akanipunguzia elfu ishirini, na hatukupeana mkono ila aliniitia kijana wa kunibebea mpaka chini.

Sasa multimita inasoma 12.04 kadi ikiwa kazini. Bayosi niliiacha kwenye ile bikira. Draiva ni toleo lile lile la kwanza kabisa nililolilaani Jumatano ile.

Mzee nilimpigia kumwambia ilikuwa waya. Akasema "mm", akauliza kama nimepata mtu wa kununua mahindi.

## Elfu hamsini

Ile sapulai ya zamani niliiweka kwenye grupu la vitu vya kompyuta, na bei, bila maelezo, kabla sijafikiri. Ndani ya dakika kumi kijana mmoja wa chuo akaniingia inboksi. Anajenga mashine yake ya kwanza. Amepata kadi, RX 580, mitumba, safi sana anasema, imebaki pawa tu na hela imemwishia. Hiyo 500 wati itatosha?

Nikaandika, itatosha. Nikafuta.

Nikaandika, inategemea. Nikafuta.

Yeye anaona tu naandika naacha, naandika naacha. Akatuma, bro hata 50 naweza kuleta leo leo, nipo Wandegeya.

Nikamwambia asije. Nikamtumia picha ya kile kichwa cha adapta, upande ulioiva, nikamwambia hii ndo itakayokuja nayo. Akajibu baada ya muda, "kwani si ni draiva tu?"

Nikachukua koleo, nikakata mkia wa Molex, halafu ile mingine, mmoja mmoja, mpaka kwenye shina.